Kiwiko cha Rael

Mtumishi hatii mguu katika maji ya wenye nyumba. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwa Madam Hanan mjini Riyadh, tangu bwawa la watoto hadi hodhi la marumaru, na kila aliyeajiriwa humo aliijua adhabu: simu yake hufungiwa katika droo ya jikoni mwezi mzima.

Rael, mmoja wa watumishi hao, aliikumbuka kanuni hiyo akiwa amepiga magoti juu ya mawe meusi, katika hoteli ya chemchemi za maji moto milimani nchini Japani. Familia nzima ilikuwa imesafiri kwa ajili ya magoti ya Siti, mama mzazi wa Madam, mjane kutoka mtaa wa Al-Baghdadiyah kule Jedda, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akisali kitini. Siti na Rael walikuwa wamepangiwa saa moja ya faragha hodhini. Mhudumu, mwanamke mzee aliyevaa kimono, alikwisha kuwaonyesha kwa ishara: oga kwanza, funga nywele, usiingie na nguo. Kisha akainama na kuufunga mlango.

Mbele ya Rael maji yalifuka mvuke, na juu ya mvuke ilishuka theluji, ambayo hakuwa ameiona tangu azaliwe. Ilishuka bila haraka, ikayagusa maji, ikatoweka. Hakujua kwamba moto na baridi vinaweza kukaa hivyo, kimoja kifuani mwa kingine, bila kugombana.

"Yalla, Rael!" Siti aliita kutoka kwenye kigoda, taulo mabegani. "Unayahesabu mawe au unanishusha majini?"

"Subiri kidogo, Siti. Haya maji yanatoka kwa moto."

"Na mimi nimekaa kwenye barafu. Chagua nife kwa kipi."

Rael hakucheka. Kwao Loboi, karibu na Ziwa Bogoria nchini Kenya, maji yanayotoka ardhini yakichemka hayakuogwa. Yalitazamwa kwa mbali. Wageni walichemshia mayai humo. Mbuzi wa baba yake aliwahi kuteleza akatumbukia, na kilichoopolewa hata mbwa walikikimbia. Alikunja mkono, akachovya kiwiko, kama alivyokuwa akipima maji ya kumwogesha mwanawe Ashley.

"Kiwiko kinasemaje?" Siti aliuliza.

"Kinasema ni mazuri. Lakini kiwiko kinajua ya juu tu, Siti. Moto wa maji haya unakaa chini."

"Na ya chini nani anayajua?"

"Aliyesimama huko."

Siti aliyaonyesha maji kwa kidevu. "Basi simama."

"Kanuni ya Madam, Siti."

"Madam nilimzaa mimi! Nikanyage nisipopajua, kwa magoti haya?"

Rael aliiona akilini droo ya jikoni, akausikia ufunguo. Kila Ijumaa mama yake Rael kule Loboi alimwekea Ashley simu sikioni, na Ijumaa iliyopita mtoto huyo, ambaye Rael alipoondoka alikuwa bado akinyonya, alitoa sentensi nzima kwa mara ya kwanza: ng'ombe wetu amezaa, mama, nitakwambia jina la ndama. Jina hilo lilikuwa likimngoja Ijumaa ijayo.

Kisha akayatazama magoti ya Siti, yaliyovimba, yakitetemeka kwa baridi.

Alijimwagia maji, akajisugua, akajisuuza kama alivyoelekezwa, akateremka. Joto lilimpanda kutoka nyayo hadi kooni. Akatembea hodhi lote, pembe kwa pembe, akipapasa kila jiwe kwa kidole gumba cha mguu. Hapakuwa na mahali palipounguza. Maji yaliyoua mbuzi yalikuwa yamemshika kama mtoto.

"Mafi, hakuna moto mkali," alisema hatimaye. "Njoo, Siti."

Akamshusha kwa mikono miwili. Maji yalipomfika kiunoni, Siti alishusha pumzi. Polepole, akiushika mkono wa Rael, akayakunja magoti. Yakakunjika. Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa maji, akabaki hivyo, midomo ikitikisika, theluji ikimdondokea kisogoni.

Hivyo ndivyo Madam Hanan alivyowakuta.

"Rael!" Akamtazama mama yake, akateremsha sauti, lakini hakulegeza. "Unaijua adhabu. Halas, yamekwisha."

"Ndiyo, Madam."

Siku waliyorudi Riyadh, Rael alikwenda jikoni kabla hajaitwa, akaiweka simu yake katika droo iliyofunguliwa. Madam alipoushika ufunguo, Siti aliingia akijikongoja na fimbo, akalaza simu yake juu ya ile ya Rael.

"Mama! Dada zako wa Jedda watakutafuta."

"Waache watafute. Mimi nami niliingia katika maji ya mtumishi. Funga."

Madam alifunga.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, saa ya simu ya Ashley, Rael alichemsha maji, akayamimina katika karai la kufulia, akalipeleka miguuni pa Siti. Akachovya kiwiko.

"Na ya chini?" Siti aliuliza.

Rael alivua kandambili, akaketi kumwelekea, akatia mguu wake kwanza. Jikoni, ndani ya droo, simu moja ilianza kutetemeka, ikagongana na ya pili. Siti alizitia nyayo zake kando ya za Rael, na mvuke ukapanda katikati yao.