Injini Aliyoikataa Mama Filbert

Maneno yenyewe Mama Filbert aliyasikia gulioni Makambako kwa Mektilda muuza dagaa. Mektilda naye aliyasikia kwa abiria, na abiria huyo hajulikani hata jina. Kwamba injini za mtumba zinazoshushwa kwenye makontena zimeng'olewa kwenye magari yaliyoua watu. Kwamba wenyewe huko ng'ambo wanaogopa kuziendesha tena, ndiyo maana wanatuuzia sisi. Na ukimfungia mwanao injini ya namna hiyo, haitulii mpaka imfanye kama ilivyomfanya wa kwanza.

"Mimi sijasema," Mektilda alimalizia, anapima dagaa kwa kopo. "Nasema walivyosema."

Nyumba yenye watu, neno kama hilo mtu angelicheka likaisha. Lakini Mama Filbert alikuwa anaishi peke yake Kitandililo, kijijini nje ya Makambako. Mzee Lameki, mumewe, alishafariki. Binti yake Lightness ameolewa Bulongwa, anakuja kwa mwaka mara moja akipata nafasi. Na Filbert, kitinda mimba wake, alikuwa machimboni Chunya. Basi neno lilivyoingia mle ndani likabaki linazunguka naye, linakula naye ugali, asubuhi anaamka nalo.

Na lilimkuta pabaya, maana wiki ileile alitakiwa aamue juu ya injini.

Gari lilikuwa la Filbert, la spoti, la njano, milango miwili tu, la chini hivi kwamba kuku walikuwa wanarukia boneti bila shida. Alikuwa analikodisha kubebea bwana harusi. Siku moja mwezi wa sita alilala nalo Njombe, na baridi ya Njombe si unaijua, madereva wanaweka boksi mbele ya rejeta kuzuia upepo ili injini ipate joto upesi. Filbert naye akaweka. Joto likapatikana, boksi akalisahau palepale, akateremka mbio kuwahi harusi Makambako. Hajafika mjini maji yamechemka, injini imenoki, moshi tu. Gari likavutwa kwa kamba mpaka uwanjani kwa mama yake, na bwana harusi akaenda kanisani kwa bajaji, suti yote vumbi.

Watu walimcheka mwezi mzima. "Filbert! Boksi halijaiva tu?" Akashindwa kuvumilia, akafunga begi.

"Mama, gari nakuachia," alisema. "Likiwaka, narudi. Nitakaa hapa hapa na wewe."

Mama Filbert hakuwa anajua habari za injini. Alijua hilo moja tu, kwamba gari likiwaka mwanawe anarudi. Mchana akimaliza kupalilia alikuwa anafungua mlango wa gari, anakaa kwenye kiti cha dereva. Kiti kiko chini, kwa hiyo anaona mawingu na ukingo wa bati basi. Ndani bado kulinuka mafuta ya nywele ya Filbert. Alikuwa anausimulia usukani habari za siku, nani kazikwa, nani kavuna parachichi mapema, halafu akishtuka kwamba anaongea na usukani anatoka haraka, anafunga mlango polepole jirani asisikie.

Kitu cha kuuza alikuwa nacho kimoja, shamba la misindano, miti ya mbao, alilopanda mzee Lameki. Miti ilikuwa bado miaka kadhaa ikomae. Mnunuzi alikubali kuikata hivyo hivyo, kwa bei ya miti michanga. Hela hiyo ingetosha kazi moja. Ama kuifufua injini ya zamani, ama kununua ya mtumba. Akikosea, hakuna miti mingine.

Silvesta, fundi wa Njombe aliyesoma darasa moja na Filbert, ndiye aliyekuja kuifungua.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Itapona?"

Silvesta aliinama kwenye injini muda mrefu, akapitisha kidole kwenye lile pande kubwa la chuma wanaloliita bloku. "Shika hapa. Umeusikia huo mstari? Ni ufa. Injini hii hata tukiweka pistoni mpya na ringi mpya, maji yatapita tu. Usiifufue, mama. Kuna ya mtumba nimeiona mjini, njoo tuiwashe uisikie kwa masikio yako kabla hujatoa hata shilingi."

Alikwenda. Injini ilikuwa imelazwa juu ya tairi kuukuu, Silvesta akaunga betri, ikawaka mara moja, sauti yake imetulia kama cherehani. Mama Filbert angesema ndiyo palepale. Lakini macho yake yalishuka chini ya injini, akaona doa jekundu, limekaukia kwenye chuma.

"Hiyo ni nini?"

"Wapi? Hiyo? Kutu, mama. Imepigwa na maji ya chumvi melini."

"Mbona kutu imechuruzika?"

Silvesta akacheka. "Sasa mama unataka niipeleke kwa padri Uwemba ikabarikiwe? Chuma hiki! Ungekuwa unajua kitanda chako cha mbao mti wake uliangukia nani, ungelala chini."

Kicheko hicho kilimuumiza. Angempigia Filbert siku ile, mambo yangekuwa mengine. Lakini aliogopa Filbert atacheka kama Silvesta, halafu ataagiza injini ile ifungwe, halafu ndiyo hivyo, siku moja simu italia. Akasema anakwenda kufikiri. Akapanda gari la kurudi, na njia nzima hakuwaza ufa. Aliwaza doa.

Makambako kulikuwa na fundi Basil. Basil hakufungua kitu. Alisikiliza tu habari ya ufa, akasema, "Tunachomelea, mama, tunafanya ovahoo, tunaifungua yote na kuifunga upya, inarudi kama ilivyotoka kiwandani."

"Mwenzio amesema haifai."

"Huyo anauza injini. Mimi natengeneza."

Jibu hilo lilimridhisha, maana ndilo alilokuwa analitafuta. Misindano ikakatwa. Alisimama pembeni wakati inaanguka, myembamba, ikishuka bila kishindo.

Baada ya wiki tatu gari liliwaka. Alishika simu karibu na boneti ili Filbert asikie muungurumo kule Chunya.

"Mama! Ndilo lenyewe?"

"Ndilo."

"Nakuja!"

Na kweli alikuja. Siku tatu nyumba ilikuwa na mtu. Filbert alikula, alikoroma chumba cha pili, aliacha viatu katikati ya mlango, na mama yake akavipita bila kuviondoa, avione tu.

Siku ya nne akapata kazi ya harusi Njombe. Saa nne asubuhi simu ikalia.

"Mama, nimezima mlimani. Maji yameingia kwenye oili, imekuwa kama chai ya maziwa. Silvesta amekuja kunivuta. Anasema alikuonyesha ufa. Alikuonyesha?"

Mama Filbert alitazama viatu pale mlangoni. "Alinionyesha, mwanangu."

"Na ukaninyamazia."

"Nilisikia injini za mtumba zimeua watu. Niliogopa, baba."

Hakumfokea. Heri angefoka. "Ungenipigia tu, mama," alisema. "Ungenipigia." Halafu: "Napanda basi la Mbeya hapa hapa, narudi Chunya. Sitaweza tena kuulizwa boksi."

Basi la kutoka Njombe kwenda Mbeya linapita Makambako. Mama Filbert alikimbilia stendi na begi la Filbert, na viazi vya kuchemsha kwenye mfuko. Alilikuta, Filbert yuko dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shuka basi ule kwanza."

"Linaondoka." Akapokea begi, akapokea viazi, akauweka mfuko mapajani. "Hela ya Basil ulitoa wapi?"

"Misindano ya baba yako."

Basi likaanza kutembea. Mama Filbert alitembea nalo hatua chache, mkono uko kwenye bati lake, mpaka likamwacha. Gari lile la njano mpaka leo liko Njombe kwenye gereji ya Silvesta, bila injini. Uwanja wa nyumba kule Kitandililo ni mtupu, kuku wanaparua tu.

Mzazi mwenzangu, ukibaki na gari bovu la mtoto, epuka haya:

Kusahau boksi kwenye rejeta.

Kuchomelea bloku yenye ufa.

Fundi anayekubali kazi kabla hajafungua injini.

Kununua injini ya mtumba hujaisikia ikiwaka.

Kukataa injini uliyoisikia ikiwaka vizuri, kwa sababu ya maneno ambayo mwenyewe hajulikani.

Kukata miti michanga.

Kuamua peke yako jambo la mtoto mkubwa wakati simu unayo.

Kumficha alichosema fundi.