Majani Matatu ya Mpapai

Wifi yangu wa Muheza aliniuliza pweza analainishwa vipi. Nikamrekodia sauti huku napika, nikamtumia, nikasahau.

Mwezi haujaisha nikapita Ngamiani kwa shangazi Sabiha. Nikamkuta kashika ukuta, kichwa kinamzunguka.

"Shikamoo shangazi. Vidonge vya presha umemeza?"

"Marahaba. Nimeviacha, leo siku ya tano. Imetoka dawa."

Akafungua simu. Juu pameandikwa: *Daktari bingwa wa presha. Tuma kwa watu kumi.* Chini yake, sauti yangu.

"Majani matatu ya mpapai, chemsha. Chumvi usitie, chumvi ndiyo inayokaza. Saa moja tu, ugumu wote umekwisha."

"Shangazi, huyo ni mimi. Nilikuwa napika pweza. Mwanzo wameukata."

"Wewe uliishia darasa la saba."

"Sauti si unaijua?"

"Huyu katulia. Wewe hujatulia tangu uzaliwe."

Nikaitafuta ile sauti nzima kwenye simu yangu, nikaiweka. Pweza akatajwa mwanzoni kabisa. Shangazi akasema hata madaktari wanakula pweza. Nikaiacha iendelee mpaka kwenye ugumu wote umekwisha, na kipande kilichobaki baada ya hapo. Mwanamke akasikika kwa mbali:

"Hasina, weka hiyo simu, wali unaungua. Kupika hujui, unafundisha watu."

Shangazi akaisogezea sikio sauti yake mwenyewe. "Irudishe."

Nikairudisha.

"Siku ile wali uliungua," akasema.

"Uliungua."

Akaomba maji, akamimina vidonge vitano kiganjani, afidie. Nikamshika mkono. Akameza kimoja, tukaenda zahanati wakampime.

Kwenye foleni ndipo akanieleza kwamba ile sauti alishaituma kwenye kikundi cha kuzikana. Watu hamsini na wawili, nusu yao wana presha.

"Nitaifuta," akasema.

"Walishaisikia, shangazi."

Akaisogeza simu mdomoni. "Mimi Sabiha. Yule daktari ni mtoto wa kaka yangu, alikuwa anapika pweza. Aliyeacha vidonge aende zahanati leo hii, asione haya. Mimi mwenyewe niko foleni."

Wa kwanza kujibu alikuwa Bibiana, mweka hazina wa kikundi.

"Na mimi. Geuka nyuma."