Pete ya Buluu

Kwa miaka sita kazi yangu imekuwa kuhesabu maiti. Kila Julai nazunguka mashamba ya wilaya yetu ya Tipperary na daftari, nikiandika ni matawi mangapi ya kila mti wa ash, mti wetu wa mbao nyeupe, yamekaushwa na kuvu lililotuingilia kutoka ng'ambo. Miti mia tatu na kumi. Mmoja tu haukuwa na hata tawi moja kavu: namba 57, shambani kwa Mzee Lonergan.

Ulikuwa mti dume, hauzai mbegu. Tungeupata tena kwa njia moja tu: kukata vikonyo matawini Januari, mti ukiwa umelala, na kuvibebesha kwenye miche yetu ya maabara. Basi Septemba nikauchora pete ya buluu shinani, nisije nikaukosa majani yakishapukutika, nikaenda zangu.

Januari nikarudi na sanduku la barafu. Baba alikuja kunishikia ngazi. Yeye huchonga magongo ya mchezo wetu wa jadi wa kupiga mpira, na gongo la kweli hutoka kwenye ash, pale chini shina linapojipinda kuingia mizizini. Mwaka wa nne huu anachonga mbao za kuagiza nje, na hakuna gongo asilolitukana.

Mzee Lonergan alitupokea getini.

"Malachy! Hujafa tu wewe?"

"Nakusubiri utangulie," Baba akamjibu.

"Hebu njooni huku kwanza."

Akatupeleka bandani. Mbao nene zilikuwa zimeegemezwa ukutani, nyeupe, kila moja na mpindo wake chini.

"Nimeukata na mizizi yake, kama mnavyopenda nyie wachongaji. Nilipoona alama ya binti yako nikasema, huyu anamtakia baba yake mbao, anaona haya kuomba. Maana mti ukipakwa rangi si ni wa kukatwa? Tangu nizaliwe!"

Ni kweli. Huku kwetu kila mtu anajua hivyo. Nilikuwa najua hata mimi, na brashi nikaishika.

"Uliukata lini, Mzee?"

"Oktoba."

"Na matawi?"

"Yametupasha moto Krismasi nzima! Ash huwaka hata mbichi, umesahau?"

Nikafungua mdomo. Baba akanishika kiwiko, akakibana mpaka kikauma.

"Ndio uliokuwa mzima peke yake shambani kwangu," Mzee Lonergan akasema, sasa hacheki. "Ningempa nani mwingine?"

Baba akapitisha kidole gumba kwenye ubao, polepole, kutoka juu hadi kwenye mpindo. 

"Mshukuru mzee, mwanangu."

"Asante, Mzee."

"Na hilo sanduku la nini?"

Nilikuwa nimelikumbatia. Barafu iligongana ndani.

"Chakula cha mchana."

"Mtakula kwenye baridi hii? Ingieni ndani, moto unawaka. Vigogo vya mti wenyewe vimebaki viwili vitatu."

Tukaingia, tukauota.