Waya Kwenye Bustani ya Maharage

Fomu ilikuwa na kurasa nne, nami niliijaza kwa kalamu mbili, maana ya kwanza iliisha wino nikiwa bado najisifu. Aina ya hatari: radi. Walio hatarini zaidi: wanafunzi. Hatua iliyochukuliwa: mtego wa radi umefungwa. Mwisho kabisa palikuwa na swali dogo, je, jamii imeshirikishwa? Niliandika Ndiyo, nikaipigia mstari, nikapanda pikipiki kuipeleka wilayani Kibondo.

Naitwa Lusajo, mwalimu wa sayansi, mzaliwa wa Tukuyu. Huu ni mwaka wa sita tangu nipangiwe shule hii ya milimani, ng'ambo ya Kumsenga. Kwetu mvua tunaijua, lakini radi za huku sikuwahi kuziona. Kuanzia Oktoba mawingu yanapanda kutoka upande wa Burundi mchana kweupe, na msimu hauishi bila kusikia kwamba mahali fulani ng'ombe wamekufa, au mtu. Waliponiteua katibu wa kamati ya maafa sikukataa. Nina hasira za karibu, hilo nalikiri mapema, ila kazi niliamini naijua.

Agosti tulikutana uwanjani mwa shule, tukachora ramani ya kijiji chini kwa majivu. Kila mtu aliweka jiwe mahali anapopaogopa. Josepha, mpishi wa shule, aliweka lake juu ya darasa la kwanza. Radi ilikuwa imepiga paa lile wakati wa likizo ya mwaka juzi, na sasa binti yake Niyubahwe alikuwa anasoma humo, kwenye dawati la ukutani. Mawe mengine mengi yalifuata lake. Nikawaeleza kwamba wafadhili wametupa mtego: chuma kitasimama juu ya paa, waya wa shaba utashuka ukutani hadi shimoni, na radi itazikwa ardhini.

Melkiadi, mwenyekiti wa kijiji, alinyoosha mkono, akaiita radi kwa jina la huku. "Mwalimu, hiyo inkuba ukishaizika, inabaki humo humo?"

"Inabaki humo humo, mwenyekiti. Haitoki tena," nikasema, nikacheka. "Mtalala usingizi."

Hakuna aliyecheka pamoja nami. Nilidhani ni heshima.

Fundi Omary alitoka Kasulu mjini kuja kuufunga. Nilimwonyesha mahali pa kuchimba shimo, katikati ya bustani ya shule upande wa bondeni, hatua kumi na mbili kutoka ukuta wa darasa la kwanza. Alisimama na sururu begani akitazama maharage.

"Hapa si mnalima, mwalimu?"

"Ndipo penye unyevu mwaka mzima. Huko juu ni changarawe tupu, radi haitapita vizuri."

"Wenyewe umewauliza?"

"Omary, wewe funga waya."

Akafunga. Kazi yake ilikuwa safi, na kwa upande wa sayansi mpaka leo sioni kosa. Unyevu ndio unaotakiwa.

Oktoba ilipofika maharage yale yalikomaa, yakaanza kukauka na maganda yake. Josepha alikuwa anapika makande ya watoto kwa maharage aliyoyabeba kichwani kutoka kwake, kilima kizima, na mimi sikujiuliza kwa nini. Nilichofanya ni kumfokea mbele ya walimu wenzangu.

"Mama, chakula cha watoto kinaozea shambani unakitazama tu?"

"Nitayachuma, mwalimu," akasema, macho yake chini.

Hakuyachuma. Ngurumo nazo zilianza kusogea, kila siku karibu kidogo. Watoto nilikuwa nimewafundisha vizuri: ukisikia radi usisimame chini ya mti, usikae uwanjani, kimbilia darasa la kwanza, na usitoke mpaka mwalimu aseme. Tulifanya mazoezi hadi wakawa wanaingia wote ndani ya dakika mbili. Nilikuwa napima kwa saa ya mkononi.

Jumanne moja ya Novemba, saa saba mchana, kuligeuka giza kama jioni. Upepo ulikatika, hata kuku wa Josepha waliingia jikoni bila kufukuzwa. Ngurumo ya kwanza ilipopita watoto walikuwa tayari wanakimbia, darasa la saba wamewashika wadogo mikono, na wote wakajibana ndani ya chumba kile kimoja. Niliingia wa mwisho. Kichwa kilikuwa kimenivimba kwa fahari.

Nikaona kitu kinang'aa nje ya dirisha. Ulikuwa waya wa shaba, umekunjwa vizuri mzunguko juu ya mzunguko kama kamba ya mbuzi, umetundikwa kwenye msumari chini ya upenu. Upande wake mmoja ulipanda hadi juu ya paa. Upande wa pili haukwenda popote; radi ikishuka ingeishia ukutani. Na nyuma ya ukuta huo huo, mgongo ukiugusa, alikaa Niyubahwe na wenzake.

Josepha alikuwa amesimama papo hapo nje, amejikinga mvua chini ya upenu.

"Nani ametoa waya huu?"

"Ni mimi, mwalimu." Hakuficha. "Nimeuosha udongo, haujapotea."

"Kwa nini?"

"Inkuba ikizikwa mahali hapaliwi kitu. Wewe mwenyewe ulisema inabaki humo. Ningewapikiaje watoto maharage ya humo kabla sijautoa?"

"Si ungeniambia!"

"Mwenyekiti alikuuliza, ukacheka."

Hapo nilipaswa kumwambia aache waya, aingie ndani, akae katikati na watoto. Maneno machache tu. Lakini alikuwa amenijibu mbele ya shule nzima, na amenijibu kweli, na damu ikanipanda.

"Rudisha ulipoutoa!" nikapiga kelele. "Sasa hivi!"

Nilitaka nini hasa? Nimejiuliza sana. Nadhani nilitaka tu ajue nimekasirika. Sikumtazama tena, nikageukia watoto.

"Haya, mwalimu," nikamsikia akisema.

Kuwatoa nje ilikuwa kuwaua. Nikawaambia waondoke ukutani, wote wasogee katikati, wachuchumae. Wengine hawakusogea, maana niliwafundisha wasiondoke walipokaa. Nikaanza kuwavuta mmoja mmoja. Niyubahwe alikuwa ameshika dawati kwa mikono miwili anachungulia dirishani. Nikambandua, nikambeba, nikamweka chini kati ya wenzake, na wakati huo huo chumba kikawa cheupe.

Mlio sikuusikia. Nilichokumbuka baadaye ni vumbi la dari, harufu ya moto, na midomo ya watoto iliyo wazi bila sauti. Nikawahesabu kwa kuwagusa vichwa. Hakuna aliyekuwa na hata mchubuko. Juu ya dawati la Niyubahwe tofali la ukuta lilikuwa limepasuka, vipande vimejaa pale alipokuwa amekaa.

Josepha alifika hadi katikati ya bustani. Tulimkuta amelala kifudifudi juu ya maharage yale makavu, pembeni ya shimo, waya bado uko mkononi.

Msibani hakuna aliyenitupia neno. Melkiadi alinipa kiti, akaniletea maji. Afadhali wangenitukana. Bustani ilizungushiwa miiba na hakuna anayekanyaga humo, na safari hii nami sikubisha. Omary alirudi akachimba shimo jingine, mbali, mahali walipopachagua wenyewe baada ya kukaa siku mbili wakizungumza. Waya ulihitajika mrefu mara tatu. Ni hilo tu. Urefu wa waya.

Fomu mpya ililetwa na afisa kutoka Kibondo. Vifo: mmoja. Chanzo: radi, akaandika yeye mwenyewe baada ya kuona kalamu yangu imesimama. Kwenye swali la jamii kushirikishwa aliniuliza, nikamwambia aache wazi.

Mvua za huku zinaendelea hadi Mei. Juzi ziliunguruma tena, watoto wakaingia darasani chini ya dakika mbili, wakachuchumaa katikati. Niyubahwe peke yake alibaki dirishani, anatazama miiba ya bustani. Ana miaka saba. Nikamwita kwa sauti ya chini kabisa niliyo nayo, nikamwomba asogee kwa wenzake.

Hakubisha wala hakuuliza sababu. "Haya, mwalimu," akasema, akaja.