Gwaride la Vidole

Kiden, binti yake Sajini Lomoro, alimpa baba yake masharti mbele ya ukoo mzima.

"Kanisani nitaingia peke yangu. Hakuna mutu ya kunishika mkono. Ulikimbia Zaire, mimi nikatembea peke yangu, sasa nimezoea. Kama unataka kunifanyia kitu kwa harusi, piga piano."

Alisema hivyo akijua fika kwamba mzee hajui piano hata kuipangusa vumbi. Serikali ilipopinduliwa na jeshi lake kuvunjika mwaka wa sabini na tisa, Lomoro alivuka mpaka kwenda Zaire, akamwacha mtoto kwa shangazi yake kule kijijini Dranya. Aliporudi Koboko, miaka imepita, alimkuta mwanamke mzima mwenye maneno ya pilipili. Ilimuuma. Ilimuuma mpaka chakula kikamshinda. Basi akajibu, "Nitapiga," na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Akamwendea Mwalimu Margarita, mkimbizi kutoka Sudan aliyekuwa akipiga piano ya kanisa. Mwalimu akavitazama vidole vya Lomoro, vinene kama mihogo, akashusha pumzi.

"Afande, kwanza iko mazoezi. Kila siku, kidogo kidogo, saa ile ile."

Ah, mazoezi! Hapo sasa walikuwa wanazungumza lugha moja. Kila asubuhi kabla ya misa, Lomoro alikuwa kanisani, buti zinang'aa, pamoja na Adriko, askari mwenzake wa zamani, mwenye filimbi. Kucha zilikaguliwa kwanza. Kidole gumba kilipewa ukoplo. Adriko akipuliza, vidole vinaanza safari. Asipopuliza, hakuna kidole kinachosogea. Mkono wa kulia ulitii. Wa kushoto, mhuni yule, alikuwa mtoro mtupu. Lomoro aliukalia kuuadhibu, huku akiufokea, "Wewe iko kichwa ngumu! Unataka kuniaibisha mbele ya mtoto yangu?"

Margarita alikuwa akishika kichwa. "Afande, hii iko wimbo ya harusi. Hatuendi kuteka mji."

Lakini mazoezi ni mazoezi. Wimbo ukatoka hatimaye, wa kukanyagakanyaga, lakini wimbo. Lomoro akaanza kula tena.

Siku ya harusi kanisa lilijaa pomoni. Adriko alikaa karibu na piano, filimbi mdomoni. Katekista Constantino akamwona, akamrukia.

"Filimbi ndani ya kanisa? Wewe iko mzima kweli?" Akainyakua, akaitia mfukoni, akaenda zake mbele bila kugeuka.

Kiden alikuwa ameshafika mlangoni. Lomoro akaweka vidole tayari. Vikangoja. Yeye akavingoja. Mungu wangu! Hakuna hata kimoja kilichotikisika. Vilizoea amri, na amri imo mfukoni mwa katekista. Adriko akajaribu kupiga mluzi, ikatoka hewa tupu. Mashangazi wakaanza kunong'ona. Margarita akainuka kuja kumwokoa, na hiyo ndiyo ilikuwa aibu kubwa kuliko zote. Lomoro alitamani ardhi immeze, yeye na piano yake. Nimemkimbia mtoto mara ya pili, akawaza, na safari hii nimekaa palepale.

Kiden, aliyekwisha kusikia mtaani habari za filimbi na gwaride la vidole, aliiona ile mikono imeganda juu ya piano. Akaitupa shela nyuma.

"Sajini!" Sauti ilipasua kanisa. "Vidole! Mbele, tembea!"

Vikatembea! Hata wa kushoto, jamani, hata ule mtoro! Wimbo ukatoka kwa kishindo, na wanajeshi wa zamani waliokuwa wamejaa kwenye mabenchi wakajikuta wamesimama wima bila kuambiwa. Bibi harusi akaja kwa mwendo wa gwaride, kushoto, kulia, akicheka na kulia kwa pamoja. Alipofika kwenye piano akaamuru, "Simama!"

Vidole vikasimama. Altare ilikuwa bado mbele kidogo, na bwana harusi amesimama pale mdomo wazi. Kiden akamnyooshea baba yake mkono.

"Na wewe simama, Baba. Kutoka hapa kufika pale, mimi hajui njia."