Mara ya Mwisho Akiwa Mzima

“Mara ya mwisho kumwona akiwa mzima kabisa ilikuwa saa ngapi?”

Daktari aliniuliza hivyo huku akitembea kando ya kitanda cha magurudumu, vidole vyake vikipima mapigo ya moyo ya baba yangu mdogo.  Nasoma historia chuo kikuu, mwaka wa pili. Nimefundishwa kuheshimu tarehe. Lakini saa niliyoulizwa sikuwa nayo.

Kilichotuchanganya kilikuwa mzaha. Baba mdogo ni fundi wa nguo, na mtaa mzima humwita Kasuku kwa kuwa hakuna sauti asiyoiweza. Asubuhi ile, saa moja, tukinywa chai, alimwiga jirani aliyetoka kung’olewa jino: mdomo ukaenda upande, maneno yakamtoka kama mtu anayemung’unya kiazi cha moto. Mama mdogo alicheka hadi akaweka kikombe chini. Mimi nilifuta machozi. Kisha fundi akaingia chumba cha mbele, ambacho ndicho karakana yake. Mama mdogo alitoka saa tatu bila kusemezana naye, cherehani ikinguruma, nami nikajifungia na vitabu kwa ajili ya mtihani.

Saa tano kamili mama mdogo alirudi, akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Kasuku alikuwa mbele ya cherehani yake ya umeme, mdomo upande, mkono wa kulia ukining’inia kama wa koti lililotundikwa.

“Bashi... lo... bashi,” alisema.

Nilicheka. Ninaandika hili kwa sababu ni kweli. Nilicheka, nikamwambia, “Baba, ya asubuhi ilikuwa kali zaidi.”

Mama mdogo ndiye aliyetazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa umelala juu ya kanyagio, na sindano ilikuwa ikidunda bila kitambaa.

“Huyu hatanii,” alisema. “Ita gari.” Akanyakua kitambaa kilichokuwa karibu, akamfuta mate.

Sasa tulikuwa hospitalini, saa tano na dakika ishirini na mbili, na daktari alikuwa bado anangoja jibu.

“Saa moja aliongea hivi hivi,” mama mdogo alisema. “Lakini ndivyo alivyo. Huiga watu.”

“Alikuwa anaiga, au alikuwa ameanza kuugua?”

“Daktari, mtu amekuchekesha miaka ishirini, utajuaje siku aliyoacha?”

Daktari hakukasirika. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusema mambo mazito kwa maneno machache. Alitueleza kwamba huenda bonge la damu limeziba mshipa wa ubongo, na kwamba kila dakika inayopita chembe za ubongo karibu milioni mbili hufa kwa njaa. Ipo dawa ya kuliyeyusha bonge hilo, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu mgonjwa alipokuwa mzima.

“Tukihesabu kuanzia saa moja, muda unaisha saa tano na nusu. Zimebaki dakika nane, na kichwa hakijapigwa picha. Nikimpa dawa nikiwa nimechelewa, inaweza kumvujisha damu ubongoni. Nahitaji saa ya kweli, si ile mnayoitamani.”

Muuguzi alimtoboa kidole kupima sukari, akamfunga mkanda wa kupima shinikizo la damu. Daktari alimwomba ainue mikono yote miwili. Wa kushoto ulibaki juu; wa kulia ukashuka taratibu, kana kwamba haukuwa na habari na mwenzake. Alimwonyesha ufunguo.

“Hiki ni nini?”

“Sindano,” Kasuku alisema.

Alimwonyesha saa ya mkononi. “Sindano.” Akamwonyesha kalamu. Baba mdogo aliitazama kwa bidii, jasho likamtoka. “Sindano.”

Yeye aliyekuwa na sauti za mtaa mzima kinywani, alikuwa amebakiwa na neno moja.

Daktari alipogeuka kuuliza kama chumba cha picha kiko tayari, mama mdogo alinishika kiwiko. “Sema saa nne. Sema ulimwona.”

“Sikumwona, mama.”

“Wewe na vitabu vyako! Utamzika kwa ukweli wako?”

“Na nikidanganya, dawa ikamuua?”

Aliniachia kiwiko, akaendelea kumfuta mdomo. Niliinamisha macho kwa sababu sikuweza kumtazama usoni, na ndipo nikakitazama kitambaa chenyewe. Lilikuwa pazia jipya, upande mmoja limeshonwa. Pembeni, kwa chaki ya bluu, palikuwa pameandikwa 210. Mbili yake ilikuwa na mkia uliojikunja, kama anavyoiandika siku zote.

“Mama, pazia hili lililetwa lini?”

“Leo hii. Mwalimu wa chekechea aliniachia mfuko wa mapazia mlangoni nikitoka, nikausukumia ndani tu. Alikuwa anakimbilia kazini, hata vipimo hakuacha.”

“Basi namba hii kaitoa wapi?”

Lazima alimpigia mwalimu. Simu ya baba mdogo ilikuwa mfukoni mwa shati lake, imefungwa kwa alama ya kidole. Nilikichukua kidole gumba cha mkono ule wa kulia, kizito na chenye joto, kikinilalia kiganjani kama cha mtoto aliyesinzia, nikakiweka juu ya kioo. Simu ikafunguka. Ubongo ulikuwa umekisahau kidole, ila michirizi yake bado ilikuwa ni yeye. 

Alikuwa amempigia mwalimu saa nne kasoro dakika tano. Mazungumzo yalichukua dakika sita. Nikaipiga namba ile ile, nikafungua spika.

“Fundi! Usiniambie mapazia tayari!”

“Si fundi, mwalimu. Ni binti wa kaka yake. Alipokupigia asubuhi, alikuwa anazungumzaje?”

“Kwani vipi? Alizungumza kama... alizungumza kama mimi! Aliniiga ninavyowapanga watoto mstarini, neno kwa neno, hadi nikamwambia nitamshtaki kwa mwalimu mkuu. Ndipo akauliza urefu wa pazia.”

Daktari alikuwa amerudi. Aliichukua simu, akauliza jambo lile lile kwa njia tatu tofauti, kama mwalimu wetu wa historia anavyoijaribu hati inayotiliwa shaka. Je, kuna neno lililomkwama? Alirudiarudia? Alimwelewa mara moja?

“Maneno yalinyooka kama rula,” mwalimu alisema, sasa kwa woga. “Kuna nini?”

“Umetusaidia sana,” daktari alijibu, akamgeukia muuguzi. “Andika: mara ya mwisho akiwa mzima, saa nne na dakika moja.” Kisha akatuambia sisi, “Wa saa moja ulikuwa mzaha.”

Picha haikuonyesha damu iliyovuja. Daktari alimweleza mama mdogo, bila kupamba, kwamba kati ya watu mia wanaopewa dawa hiyo, watano au sita huvuja damu vibaya kichwani. Mama mdogo aliuliza, “Na asipopewa?” Akajibiwa. Akasema, “Mpeni.”

Walimpima uzito pamoja na kitanda chake, wakapiga hesabu ya dawa, wakairudia. Saa sita kasoro dakika kumi muuguzi alisukuma sehemu ndogo ya dawa mshipani. Iliyobaki ikaachiwa mashine iingize tone kwa tone kwa muda wa saa moja. Ilikuwa maji tu kwa macho yangu, hayana hata rangi. Kila baada ya robo saa walimuuliza maswali yale yale, wakamwambia ainue mikono ile ile.

Kwenye raundi ya tatu, kidole gumba cha kulia kilisogea. Kikakutana na cha shahada, vikasuguana polepole, kama fundi anayekagua ubora wa kitambaa kabla ya kukikata. Hakuna aliyemwagiza. Nilisimama pale nikishika reli ya kitanda, nikihisi niko mbele ya kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuvisoma: mtu alikuwa anarejea ndani ya mkono wake.

Muuguzi aliinua ufunguo.

“Uf... ufunguo.”

“Na huyu je?” Akamwelekezea mama mdogo.

Kasuku alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Mdomo ulikuwa bado umelegea kidogo upande mmoja.

“Serikali,” alisema.

Mama mdogo akaangua kilio na kicheko kwa pamoja. “Ndilo jina analoniita akiwa na kosa,” alimweleza daktari, na daktari, kwa mara ya kwanza, akacheka.

Alasiri baba yangu alifika pamoja na shangazi. Tulikaa kwenye benchi la korido. Walikuwa wameshaambiwa kwamba mkono umeinuka, kwamba baadhi ya maneno bado yanamponyoka, na kwamba atalala chini ya uangalizi hadi kesho apigwe picha nyingine.

“Kasuku huyu,” baba alisema akijifuta uso. “Hata malaika wakimjia, atawaiga kwanza.”

Wakacheka. Nilingoja wamalize, kisha nikawaambia.

“Mimi nilipomkuta, nilimcheka. Mama asingetazama chini, ningerudi kwenye vitabu vyangu. Kwa hiyo nimeamua, na nawaambia nyote: mtu wa nyumba yetu akiongea vibaya au akipinda mdomo, sitauliza kama anatania. Nitamleta hapa. Ikiwa ulikuwa mzaha, tutaucheka njiani tukirudi.”