Dakika ya Tisa

Mwanamke niliyekuja kumwoa alinizimia injini dakika ya tisa, mbele ya mama yangu.

Mama nilimwalika mwenyewe, maana sifa zilikuwa zimenijaa. Wiki sita nilikuwa nimejifungia na injini ile ya boti ya mashindano, silinda nane, nikaifumua yote na kuijenga upya. Mkuu wa karakana alikuwa ameniahidi: ikihimili mzigo kamili dakika kumi kwenye mashine ya kupimia nguvu, chumba cha injini za mashindano ni changu. Ikishindwa, nirudi kubadilisha oili. Mama akaja na gauni lake la kuendea harusi, akapewa vizibo vya masikio, akavikataa.

Mpimaji alikuwa binti mfupi, mkimya, anayesogeza wenzo wa kuongeza mafuta kama anayeonja chumvi. Sisi mafundi tulimwita Hakimu. Nyuma ya kioo injini ilinguruma hadi chai ikatetemeka vikombeni. Namba za nguvu zikapanda, mwenye boti akanipiga bega, nami nikawa naona raha isiyo na kifani. Dakika ya saba. Ya nane. Ya tisa, Hakimu akarudisha wenzo chini na kimya kikaingia.

"Dada, una kisirani gani na mimi?" nikafoka.

"Presha ya oili inashuka," alisema, hata hakuniangalia.

"Inashuka kidogo tu."

"Ndiyo. Kidogo tu."

"Mwanangu, punguza sauti," mama akasema nyuma yangu. "Masikio yangu yameshapata riziki ya leo."

Watu wakacheka, mimi nikazidi kuvimba. Nikaingia nyuma ya kioo, wote wakanifuata, nikajilaza chini ya injini, nikafungua beseni la oili. Kwenye chujio palikuwa na nyuzi nyekundu za gundi. Gundi ile ya kuzibia gasketi hupakwa mstari mwembamba tu. Mimi, kwa kuogopa tone livuje mbele ya wageni, niliipaka kama siagi kwenye mkate. Iliyozidi ikasukumwa ndani, ikakatika, ikaziba njia ya oili. Dakika moja zaidi na injini ingejifunga, kazi yote bure. Hadi leo wanangu wakiniona na kisu cha siagi huniuliza kama chujio litapona.

Mkuu wa karakana akainama. "Pampu ya oili, siyo? Hizi mpya siziamini hata kidogo."

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Nyuzi zilikuwa kiganjani mwangu, hakuna mwingine aliyeziona, na pampu haina mdomo wa kujitetea. Kutoka pale chini niliviona viatu vya Hakimu, vimesimama vinangoja.

"Pampu ni nzima," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Gundi nimeijaza mimi. Dada ameiokoa injini."

Chumba cha mashindano nilikiaga palepale sakafuni.

Mkuu hakunifukuza. Alinipa siku tatu nisafishe kila njia ya oili, nikague beringi zote, nijenge tena. Siku ya marudio macho yangu hayakubanduka kwenye presha. Namba ya nguvu ilitajwa na sikuisikia. Dakika kumi zikatimia. Hakimu akaongeza mbili, eti za kukata kiu, nami nikacheka kama mwehu.

Mkuu akasaini karatasi ya vipimo, akanipa pamoja na ufunguo wa chumba. Mama, ambaye alikuwa amekuja tena na gauni lilelile, akataka nimsomee.

Nikasoma nguvu, joto, presha. Chini kabisa, kwenye maoni ya mpimaji, palikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka: "Fundi alikiri kosa lake mbele ya watu." Nikairudia kuisoma mara mbili. Mama akauliza kama imekwisha. Ikabidi Hakimu asogee na kusoma sentensi iliyobaki juu ya bega langu.

"Huyu anaaminika."